Kutoka Raskazone hadi Kibo: namna mtu wa Tanga anavyoweza kupanda Kilimanjaro na kushuka salama

Mtu aliyezaliwa na kukulia Tanga mjini anaweza kumaliza mwaka mzima bila kupanda zaidi ya mita 40 juu ya usawa wa bahari, na mlima kwake ni ile rangi ya samawati inayoonekana upande wa Muheza asubuhi ambayo mvua ya usiku imeosha hewa. Mtu huyo akitaka kufika Uhuru, kilele cha Kibo chenye urefu wa mita 5,895, hana budi kujiandaa kwa namna yake mwenyewe, kwa kuwa miongozo mingi iliyopo imeandikwa kwa ajili ya wageni wa nchi za baridi, ambao baridi wanaijua tangu utotoni na wasichokijua ni lugha, chakula na bei. Sisi hayo matatu tunayo, tena tunalipa viingilio vya raia kwa shilingi, lakini baridi hatuijui na miteremko hatuijui. Nimepanda mara mbili kwa njia ya Marangu, mara ya kwanza nikarudishwa njiani na mara ya pili nikafika, na katika safari zote mbili kilichoniumiza zaidi kilikuwa kushuka. Waliosema kupanda mchongoma, kushuka ndiyo ngoma, hawakuwa wakitania, na ndiyo maana sehemu kubwa ya mwongozo huu inahusu kurudi chini.

Hewa kwanza, miguu baadaye

Hewa ndiyo inayowarudisha watu wengi kuliko miguu. Hewa ya kileleni ina oksijeni kwa uwiano uleule wa asilimia 21 tunaoupata Raskazone, ufukweni mwa Tanga, ila mgandamizo wake umepungua hadi takribani nusu, hivyo kila pumzi inaingiza nusu tu ya kile ambacho mwili umezoea. Mwili unao uwezo wa kujirekebisha, kwani mtu hupumua haraka zaidi, moyo huenda mbio, na figo husawazisha damu kwa kutoa mkojo mwingi, lakini kazi hiyo huchukua siku kadhaa na haiharakishwi na ujana wala nguvu za mwili. Kijana anayecheza mpira kila jioni anaweza kulala chini anatapika kwenye kituo cha Horombo huku mama wa miaka 55 aliyekuwa nyuma yake tangu getini akimpita taratibu.

Kanuni inayotumiwa na madaktari wa milimani ni kwamba ukishavuka mita 3,000, mahali pa kulala pasipande kwa zaidi ya mita 500 kwa usiku mmoja. Sasa itazame njia ya Marangu: kituo cha Mandara kipo mita 2,720, Horombo mita 3,720 na Kibo mita 4,720, yaani kila kituo kimekizidi kilichotangulia kwa mita 1,000. Safari ya siku tano kwa njia hiyo inavunja kanuni mara mbili mfululizo, na ndiyo niliyoichagua mara ya kwanza kwa sababu ilikuwa na bei nafuu. Siku ya sita, yenye usiku wa pili pale Horombo, wauzaji wa safari huitaja kama nyongeza ya hiari. Mimi ningemshauri mtu wa pwani aihesabu kuwa ni sehemu ya nauli, na kama fedha haitoshi kwa siku sita, asubiri mwaka mwingine. Wenye uwezo zaidi wafikirie njia ya Lemosho kwa siku nane, ambako hulalwa kwenye mahema na mwili hupewa muda mzuri zaidi.

Kuna watu hupita Lushoto kwa siku mbili njiani wakidhani wanazoea mwinuko. Lushoto ipo kwenye mita 1,400 hivi, na kimo hicho hakitoshi kuufundisha mwili jambo lolote kuhusu upungufu wa hewa. Faida ya Lushoto ipo kwenye miguu, nayo nitaieleza.

Kwa daktari, wiki tatu kabla

Mwenye ugonjwa wa selimundu (sikoseli) asipande kabisa. Aliyerithi chembe ya urithi ya ugonjwa huo kutoka kwa mzazi mmoja bila kuugua, na huku pwani watu wa namna hiyo ni wengi na baadhi hawajijui, apime na aombe ushauri, kwa sababu upungufu wa oksijeni unaweza kumharibia wengu hata kama hajawahi kuumwa maisha yake yote. Presha isiyodhibitiwa, maradhi ya moyo na ujauzito ni sababu za kutosha za kuahirisha.

Malaria ni suala letu peke yetu, na sijaona likitajwa mahali pengi. Dalili zake za mwanzo, yaani kuumwa kichwa, kichefuchefu, uchovu na kukosa hamu ya kula, hazitofautiani na zile za ugonjwa wa mlima, na mtu wa Tanga anaweza kupanda basi akiwa nayo damuni. Pima siku moja au mbili kabla ya kuondoka hata kama hujisikii vibaya, kisha mweleze kiongozi wako kwamba unatoka eneo lenye malaria, ili homa kali ikitokea isihesabiwe kuwa ni mlima tu.

Dawa ya asetazolamidi husaidia mwili kuzoea mwinuko kwa haraka kidogo, na kipimo ambacho madaktari wengi huandika kwa ajili ya kinga ni miligramu 125 mara mbili kwa siku, kuanzia siku moja kabla ya kupanda. Aliyewahi kudhurika na dawa zenye salfa, kwa mfano septrini au zile za malaria za zamani, amweleze daktari mapema. Dawa hii huleta ganzi ya vidole na kukojoa mara kwa mara, na haimpi mtu ruhusa ya kukimbia.

Kufanya mazoezi katika mji usio na kilima

Kutembea ufukweni ni kuzuri kwa pumzi, lakini hakumwandai mtu kwa mteremko wa mita 2,000 kwa siku moja. Tafuta jengo la ghorofa nne au tano ambalo mlinzi wake anakujua, upande na kushuka ngazi zake kwa saa nzima, siku tatu kwa wiki, kwa muda wa miezi miwili, ukiwa na mkoba wenye chupa za maji zenye jumla ya kilo sita. Wengi hupanda ngazi kwa bidii kisha wakashuka kwa kuporomoka ili wapumzike. Fanya kinyume chake: panda kawaida, ushuke polepole, goti likiwa limekunjwa kidogo na mguu ukitua bila kishindo, kwa sababu kazi ya misuli ya mbele ya paja inayokuzuia usianguke wakati wa kushuka haizoezwi na kupanda.

Mwisho wa mwezi, panda basi hadi Mombo, na kutoka hapo panda gari la Lushoto. Kesho yake tembea hadi Irente na kurudi, na siku inayofuata ingia msitu wa Magamba ukiwa na viatu vilevile utakavyovaa Kilimanjaro. Ukirudi Tanga na ukashindwa kuketi bila kushika kitu, basi umejua kazi iliyobaki.

Nguo na viatu

Kila kilomita moja unayopanda hupunguza joto kwa takribani nyuzi sita na nusu, kwa hiyo siku ambayo Tanga ina nyuzi 30, kileleni mahesabu peke yake yanakupeleka chini ya sifuri, na usiku wenye upepo hushuka hadi nyuzi 10 au 15 chini ya hapo. Nguo nzito moja haifai kitu. Vaa tabaka tatu: ya ndani ya kubana isiyo ya pamba, ya kati ya sweta laini la manyoya ya kiwandani, na ya nje ya koti lisilopitisha upepo wala mvua. Pamba ninaikataa kwa makusudi, kwa sababu ikilowa jasho haikauki, na jasho lililopoa ndilo linalomgandisha mtu wa pwani, ambaye hutoka jasho haraka na hana mazoea ya kufungua zipu kabla hajalowa. Kanga uliyopewa na mama iende nawe, lakini ikae shingoni, isikae kifuani. Karibu kila kitu katika orodha hii hupatikana mitumbani kwa mtu mwenye subira, isipokuwa glovu nzito, tochi ya kichwani, mfuko wa kulalia wa baridi kali na fimbo mbili za kutembelea, ambavyo ni bora kuvikodi Moshi.

Viatu usivikodi. Mara ya kwanza nilikodi vya namba 42, saizi yangu ya kila siku, vikanikaa vizuri nilipovijaribu nimesimama kwenye sakafu ya duka. Wakati wa kushuka kutoka Kibo mguu uliteleza mbele ndani ya kiatu kwa kila hatua, vidole vikawa vinagonga ngozi ya mbele mara maelfu, na nilipovua soksi Horombo kucha mbili kubwa zilikuwa nyeusi. Wiki mbili baadaye ziling'oka. Nunua kiatu cha buti kinachofunika kifundo, kikubwa kwa nusu namba au namba nzima, ukijaribu ukiwa na soksi nene jioni ambapo miguu imevimba. Simama kwenye mteremko wowote uelekee chini: vidole vikigusa mbele, kiache dukani. Kisha kivae Tanga hiyohiyo kwa mwezi mzima, hata kama majirani watakuuliza unakwenda shamba gani.

Kufika na kupanda

Kutoka Tanga basi hupita Segera, Korogwe, Mombo, Same na Mwanga, safari ya takribani kilomita 350 hadi Moshi. Anayelala Marangu hushuka Himo. Beba kitambulisho cha taifa, kwani bila hicho unaweza kutakiwa kulipa kama mgeni. Hakuna anayeruhusiwa kupanda bila kiongozi mwenye leseni, mizigo ya wapagazi hupimwa kwa mizani isizidi kilo 20, na chupa za plastiki za kutumia mara moja haziingii hifadhini, hivyo nunua chupa ngumu mbili za lita moja. Tenga bakshishi ya wapagazi tangu nyumbani, kwa bahasha yake, maana fedha iliyobaki mwishoni huwa haibaki. Miezi ya Machi mwishoni hadi Mei ni ya masika na njia huwa matope chini na theluji juu. Juni hadi Oktoba, na Januari hadi mwanzo wa Machi, ndiyo majira ninayoyapendekeza. Makundi mengi ya Watanzania hupanda kuelekea Desemba 9, kwa kumbukumbu ya Alexander Nyirenda aliyewasha mwenge kileleni mwaka 1961, na ni safari ya shangwe, lakini ni msimu wa vuli na vituo hujaa.

Siku tatu za mwanzo nitazipita haraka, kwa kuwa kazi yake ni moja: kwenda kwa mwendo ambao unaweza kuzungumza sentensi ndefu bila kukatika pumzi. Msitu hadi Mandara, majani na vichaka hadi Horombo, kisha siku ya mapumziko ambayo haina mapumziko, kwani unapanda hadi karibu mita 4,000 kwenye mawe yenye mistari ya pundamilia na kurudi kulala Horombo. Kunywa lita tatu za maji kwa siku. Kula hata kama chakula hakina ladha. Uji na supu huingia pale ugali unapokataa. Siku ya nne unavuka uwanda mkavu kati ya kilele cha Mawenzi na kilele cha Kibo, na unafika kituo cha Kibo alasiri ukiwa na saa chache za kulala.

Mwamko ni saa tano usiku. Huanza saa hiyo kwa sababu changarawe ya mlima ikiganda hushika mguu, na jua likishapanda huwa mchanga unaokurudisha nyuma nusu ya kila hatua. Kuna mita 1,175 za kupanda kutoka kituo cha Kibo hadi kileleni, na sehemu kubwa ya hizo ipo kabla ya Gilman's Point, kwenye mita 5,685, ukingoni mwa kreta, yaani shimo la volkano. Chupa ya maji iweke ndani ya koti, au kwenye mkoba ikiwa imepinduliwa kichwa chini, kwa kuwa barafu huanza juu na hivyo mdomo wa chupa hubaki wazi. Mfukoni weka tende. Tende haigandi ikawa jiwe kama chokoleti, hailazimishi meno, na moja hutafunwa kwa hatua ishirini.

Mara ya kwanza nilifika karibu na pango la Hans Meyer, kwenye mita 5,100 na kitu. Sikuwa na maumivu; nilijisikia mwenye furaha isiyo na sababu, na nilikuwa nikimwambia kiongozi habari za samaki wa Deep Sea, soko letu la samaki pale Tanga. Akanisimamisha, akachora mstari kwenye changarawe kwa fimbo yake, akasema, "Kaka, pita hapa juu, kisigino mbele ya kidole." Nilipiga hatua mbili, ya tatu ikatua nje kama ya mlevi. Hakubishana nami. Alinishika mkono wa koti akageuka chini, na sikumsamehe mpaka tulipofika Horombo na kichwa kikafunguka. Kipimo hicho kijue na umfanyie mwenzako. Kuumwa kichwa peke yake maana yake ni kusimama na kutopanda zaidi hadi kipoe. Kuyumba, kuchanganyikiwa, kukosa pumzi ukiwa umekaa, au kikohozi chenye povu, maana yake ni kushuka dakika hiyohiyo, iwe usiku au mvua, na mtu huyo asiachwe ashuke peke yake. Hakuna dawa inayoishinda mita 1,000 za kushuka.

Kileleni

Watu wa Tanga tuna usemi wetu, waja leo waondoka leo, unaowatania wageni waliokuja kutembea wakanogewa wakabaki. Uhuru ni mahali pekee ambapo wanaokuja leo huondoka leo kweli. Piga picha, funika uso, na baada ya dakika 15 geuka, kwa maana ubongo unaofanya kazi kwa nusu ya hewa hauoni kwamba umechoka. Ukiwa kwenye ukingo utaona mabaki ya barafu upande wa kreta; zaidi ya asilimia 80 ya barafu iliyokuwepo mwaka 1912 imekwisha. Mwaka huohuo Wajerumani wawili, Walter Furtwängler na Siegfried König, walifika kileleni na wakateremka kwenye theluji ya Kibo kwa skii, yaani mbao ndefu za kuvaa miguuni, na barafu ya kreta bado ina jina la wa kwanza. Reli yetu ya kutoka Tanga ilikuwa imefika Moshi mwaka mmoja tu kabla yao.

Kushuka

Siku hiyo moja utashuka kutoka mita 5,895 hadi Horombo, yaani mita 2,175, ukiwa hujalala. Kabla hujaondoka Gilman's, kaa kwenye jiwe ufunge viatu upya. Legeza kamba zote, gonga kisigino chini mara tatu ili mguu urudi nyuma kabisa ndani ya kiatu, kisha kaza kwa nguvu kuanzia kwenye kiungo cha kifundo kwenda juu, huku sehemu ya vidole ikibaki na nafasi. Kucha uwe umezikata Horombo, fupi na zilizonyooka. Nilipofanya hivyo mara ya pili, nilifika getini na kucha zote kumi.

Changarawe laini chini ya Gilman's hushukwa kwa kisigino. Egemea mbele kidogo, si nyuma, ingawa moyo wote wa mtu wa pwani unataka kukaa. Anayeegemea nyuma ndiye anayeteleza na kuanguka kwa makalio na viganja. Chomeka kisigino, kiache kiteleze nusu hatua pamoja na mchanga, kisha chomeka kingine. Refusha fimbo kwa sentimita tano hadi kumi kuliko ulivyopandia, na zitangulie mbele yako. Acha nafasi kubwa kati yako na aliye chini, usiwe juu yake moja kwa moja, na jiwe likichomoka piga kelele "jiwe!" hata kama ni dogo. Funga kanga puani kwa sababu ya vumbi. Pale penye theluji, asubuhi na mapema huwa ngumu kama sakafu na hushukwa kwa hatua fupi ukimfuata kiongozi katika alama za miguu yake. Kuanzia saa tatu au nne asubuhi hulainika, na kisigino huingia vizuri. Usikubali kuteleza kwa kukaa juu ya koti lako, hata vijana wakifanya hivyo wakicheka, kwani chini ya theluji ile kuna mawe.

Ukifika kituo cha Kibo pumzika saa moja, badilisha soksi, kunywa supu, kisha endelea. Usilale pale ukidhani unajihurumia, kwa sababu kinachokuponya ni kushuka. Siku ya mwisho ni karibu kilomita 20 hadi getini, na hapo magoti ndiyo yanayolia. Tembea kwa hatua fupi, na mizizi ya msituni inapolowa iruke badala ya kuikanyaga. Getini utasaini daftari na kupewa cheti, ambacho hutolewa pia kwa aliyeishia Gilman's.

Lala Marangu au Moshi usiku huo. Ukipanda basi jioni ileile miguu itavimba kabla ya Same, na Segera utashindwa kushuka kununua hata chungwa. Nyumbani, kwa siku mbili za mwanzo shuka ngazi kinyumenyume ukishika ukuta, na homa ikikupata ndani ya wiki mbili zinazofuata, usiisingizie mlima, nenda ukapime malaria.